Dawa za Kichina kwa saratani ya utumbo: niliyoyaona nikimuuguza baba

Ndugu mleta mada, pole sana kwa kuuguliwa. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili kabla sijaandika, na nayarudia kwa kifupi kwa faida ya wanaoingia sasa. Mama ana miaka 61, amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, na majibu ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya tezi zilizotolewa pamoja na utumbo nazo zilikuwa na saratani, hivyo daktari amempangia tiba ya kemikali, yaani kemo, ya dripu. Baada ya dozi ya kwanza alitapika siku nne mfululizo na chakula hakipandi. Kliniki moja ya dawa za Kichina hapa mjini imewashauri aache dripu kwa miezi mitatu ili mwili upumzike, atumie mitishamba yao, na mama yako mdogo anasisitiza kwamba daktari wa hospitali asiambiwe kitu.

Natanguliza msimamo wangu ili usihangaike kuutafuta: dripu zisiachwe, mitishamba isianze kunywewa kabla daktari hajaiona, na zile sindano nyembamba za Wachina za kutuliza kichefuchefu unaweza kuziulizia bila hofu kubwa. Sababu zangu ni ndefu, na moja kati yake ilikaribia kumuua baba yangu, kwa kosa ambalo halikuwa la hospitali wala la Mchina bali langu mimi.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliingia kwenye kambi za ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 21, akafanya kazi bega kwa bega na Wachina mpaka reli ile ya kilomita 1,860 ilipofika Kapiri Mposhi. Wachina hakuwajua kwa kusimuliwa. Alikula nao, aliwazika baadhi yao, na mpaka uzee wake alikuwa akipita pale kwenye makaburi yao Gongo la Mboto anavua kofia. Kisa alichopenda kukirudia ni cha mgongo wake uliokaza akiwa kambini, daktari wa Kichina akamlaza kifudifudi na kumchoma sindano nyembamba kama nywele, na kesho yake akarudi kunyanyua mataruma. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja, imani yake kwa dawa za Kichina haikutoka kwenye tangazo la ukutani. Ilikuwa na umri wa miaka karibu hamsini, na nyinyi mnaowacheka wazee wanaokimbilia huko mngefaa kwanza kuuliza walikotoka nayo.

Mwaka 2019 alianza kuona damu kwenye choo. Kwa miezi mitano alitibiwa bawasiri kwa dawa za kununua dukani, mpaka alipopungua uzito na kukubali kufanyiwa kipimo cha kamera. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto wa utumbo mpana. Alipasuliwa, kipande kikatolewa, na tukaambiwa ni hatua ya tatu, maana yake saratani imeshafika kwenye tezi za jirani lakini haijaonekana kwenye ini wala mapafu. Hatua hiyo ndiyo ya mama yako, kwa jinsi ulivyoeleza, na ndiyo hatua ambayo tiba ya kemikali baada ya upasuaji ina faida iliyothibitishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: inaua chembe ambazo kisu hakikuziona na hakuna picha inayoweza kuzionyesha. Ni vigumu kumshawishi mgonjwa atapike miezi sita kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Hapo ndipo kliniki za aina zote zinapopata wateja.

Baba alipangiwa mizunguko minane, kila mmoja wa wiki tatu: siku ya kwanza dripu ya oksaliplatini, halafu vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu wiki moja ya kupumzika. Mzunguko wa kwanza ulitufundisha jambo ambalo hatukulitarajia katika joto la Februari la Dar es Salaam. Baba alishika chupa ya maji iliyotoka kwenye friji akaiachia kana kwamba imemuunguza. Vidole vilijaa ganzi yenye miiba, na funda moja la maji yale lilimfanya ahisi koo limefungwa kwa kamba. Ndiyo tabia ya oksaliplatini, baridi huichokoza mishipa ya fahamu. Kichefuchefu nacho kilikuwa cha aina yake: harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya pili ilitosha kumwinua kitini.

Kabla ya mzunguko wa pili mguu wake wa kushoto ulivimba. Lilikuwa donge la damu. Saratani yenyewe huifanya damu igande kirahisi, kwa hiyo madaktari hawakushangaa. Walimwanzishia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kutuonya kwamba vidonge vya kapesitabini huizidishia nguvu, hivyo kipimo cha kuganda kwa damu, kile kinachoitwa INR, kingefanywa kila wiki na kilitakiwa kubaki kati ya 2 na 3. Daktari akamalizia kwa sentensi moja: asitumie dawa nyingine yoyote bila kuniuliza. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema.

Siku chache baadaye baba alisema, "Nipelekeni kwa Wachina." Tukaenda. Sitaitaja kliniki, kwa sababu yule mganga alifanya kazi yake kwa utulivu kuliko nilivyofikiria. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akakaa kimya dakika nzima, akahamia wa kushoto, kisha akamtaka baba atoe ulimi. Kupitia kwa mkalimani alisema wengu ni dhaifu na mwili una unyevunyevu. Kaka yangu alicheka, akidhani mzee ameambiwa ana ugonjwa wa wengu, lakini baadaye nilielewa kwamba katika tiba ya Kichina jina hilo halimaanishi kile kiungo kilichoko chini ya mbavu za kushoto. Linamaanisha kazi nzima ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nguvu, na mtu asiyetaka kula, anayeharisha na kuchoka, huhesabiwa kwamba kazi hiyo imelegea. Ukiondoa majina, alikuwa anamweleza mgonjwa wa kemo kwa usahihi kabisa.

Kisha akauliza kama mzee anatumia dawa za hospitali. Mkalimani akanigeukia mimi. Nikasema hapana.

Nilisema hapana kwa kuogopa kwamba angekataa kumhudumia, na baba alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa kwa ajili ya safari ile. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua pia kutomwambia daktari wa hospitali, kwa kuogopa kwamba angekasirika. Hivyo watu wawili walikuwa wakimtibu mwili mmoja, kila mmoja akijua nusu, na aliyejua zima alikuwa mimi ninayejua hesabu za ghala tu.

Dawa yenyewe ilikuja kwenye mifuko ya karatasi, shilingi 350,000 kwa siku kumi. Tuliichemsha kwenye chungu cha udongo, kwa sababu tulikatazwa sufuria ya chuma na ya alumini, mpaka maji ya vikombe vitano yakabaki viwili. Nyumba ilinuka mizizi mibichi na kitu kitamu kama miwa iliyochacha. Baba aliimwaga mifuko ya mwanzo kwenye ungo aone anakunywa nini: vipande virefu vya njano kama mbao ya penseli, vipande vyeupe kama chaki, vijiti vyekundu kwa nje, na matunda mekundu yaliyokunjamana ambayo aliyashika, akayanusa, akasema, "Hizi si kunazi?" Hakukosea sana. Tunda lile la Kichina na kunazi letu ni ndugu wa jenasi moja.

Na nisidanganye: wiki ya kwanza alipata nafuu. Alikula ubwabwa nusu sahani, akaomba tena. Sijui ilikuwa ni dawa, au ni furaha ya kurudi kwa watu wa ujana wake, au ni ile wiki ya mapumziko ambayo kwa kawaida hamu ya kula hurudi yenyewe. Sisi tuliipa sifa dawa, na tukaongeza siku kumi nyingine.

Siku ya kumi na tatu fizi zilitoka damu alipopiga mswaki. Siku iliyofuata mkojo ulikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Tulipofika hospitali INR ilikuwa juu ya 8, yaani damu yake ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuganda. Angejikwaa kizingitini na kupigiza kichwa, habari ingekuwa nyingine. Alilazwa, akapewa vitamini K, warfarini ikasimamishwa, na mzunguko wa pili wa kemo ukasogezwa kwa siku 16. Usiku ule baba mwenyewe, si mimi, ndiye aliyemwambia muuguzi, "Kuna dawa nyingine nyumbani."

Asubuhi nilipeleka mifuko iliyobaki. Mfamasia wa wodi aliifungua juu ya gazeti, akaitenganisha kwa kalamu, akaniomba karatasi ya maandishi ya Kichina niliyopewa kliniki na kuipiga picha. Majina yaliporudi yalikuwa kumi na moja. Tisa hayakumsumbua sana. Mawili yalimfanya aiweke kalamu chini: danggui na danshen, mizizi ambayo Wachina huitumia kuitembeza damu, na ambayo imeandikwa kwenye majarida ya utabibu kwa miaka mingi kwamba huzidisha nguvu ya warfarini. Kwa mtu mwingine ingekuwa chai chungu tu. Kwa baba, aliyekuwa tayari na vidonge viwili vinavyovutana kwenye damu, ilikuwa ni ya tatu. Mganga angejua kuhusu warfarini naamini asingeiweka, kwa sababu tahadhari hiyo inafundishwa hata China.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: ushauri mliopewa wa kuacha dripu haufanani na jinsi Wachina wenyewe wanavyotibu saratani. Katika hospitali zao kubwa, pamoja na Guang'anmen ya Beijing ambayo ni maarufu kwa tiba ya asili ya saratani, mgonjwa wa utumbo hupasuliwa, hupewa kemo, na mitishamba huwekwa pembeni kwa kazi maalumu: kupunguza uchovu, kurudisha hamu ya kula, kutuliza tumbo. Wenyewe wanaita kuunganisha tiba ya Kichina na ya Magharibi. Mtu anayekwambia uache moja ili ufuate nyingine amechukua nusu ya utaratibu wa China na kukuuzia kama mzima.

Kuna waliojibu hapo juu kwamba dawa za Kichina zote ni utapeli. Siwaungi mkono. Dawa ya mseto ambayo kila mmoja wetu ameshaimeza kwa malaria imetokana na mmea ambao tabibu Ge Hong aliuandika katika karne ya 4, na Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa dawa ndani yake. Na tukija kwenye utumbo wenyewe, dawa ya kemo inayoitwa irinotekani, ambayo mama yako anaweza kukutana nayo huko mbele, asili yake ni mti wa China ambao wenyeji wanauita mti wa furaha. Monroe Wall na Mansukh Wani waliipata kemikali yake huko Marekani mwaka 1966, na ilipitishwa kwa saratani ya utumbo miaka 30 baadaye. Lakini hakuna anayechemsha magome ya mti ule akanywa. Kemikali ile ya asili ilipojaribiwa kwa watu iliwaumiza vibofu vya mkojo, ikabidi ibadilishwe, ipimwe, ihesabiwe kwa miligramu. Kazi yote ilikuwa hapo katikati, kati ya gome na dripu.

Irinotekani huharisha vibaya sana, na hapa kuna kisa kinachonivutia. Yung-Chi Cheng wa Chuo Kikuu cha Yale alichukua mchanganyiko wa Kichina wenye umri wa takriban miaka 1,800, uliokuwa ukitibu kuhara, wenye mimea minne ambayo mmoja ni zile kunazi za baba, akaujaribu pamoja na irinotekani. Mwaka 2010 timu yake ilionyesha kwamba panya waliopewa vyote viwili utumbo wao uliumia kidogo na ulijirekebisha haraka. Ni panya, na mama yako si panya. Hata hivyo swali lililoulizwa pale ni la maana: mmea huu ufanye kazi gani, pembeni ya dawa gani, kwa kipimo gani?

Maswali ya namna hiyo yakiulizwa kwa watu, majibu huja mchanganyiko, na hayo mchanganyiko ndiyo ninayoyaamini kuliko shuhuda za ukutani. Kule Hong Kong watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 120 wa saratani ya titi na ya utumbo waliokuwa kwenye kemo. Wengine walipewa mitishamba iliyoandikwa na waganga wa Kichina kwa kila mgonjwa, wengine kitu cha kufanana nayo kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2007: kwenye kushuka kwa chembe za damu mitishamba haikusaidia kitu, kwenye kichefuchefu ilisaidia. Sumu ya chura, inayotumiwa China kwa jina la huachansu, ilijaribiwa pamoja na kemo kwa saratani ya kongosho na haikuongeza chochote. Kwa wale wenye wagonjwa wa ini kuna habari nzuri zaidi kidogo: uyoga unaoota kwenye miti uitwao huaier ulitolewa baada ya upasuaji kwa wagonjwa waliogawanywa kwa kura, utafiti wa watu 1,044 katika vituo 39 vya China, na kufikia wiki ya 96 asilimia 62 ya waliopewa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 49 ya wasiopewa. Ulichapishwa mwaka 2018. Dosari yake ni kwamba kila mtu alijua anachokunywa, hakukuwa na dawa ya kuigiza. Na tena, ulitolewa baada ya kisu, si badala ya kisu.

Lililonigusa binafsi ni la ganzi. Miguu ya baba ilibaki na ganzi ya oksaliplatini muda mrefu baada ya kemo, akawa anavua kandambili bila kujua kwamba imebaki nyuma, na watu walituletea mitishamba ya kuizuia. Wajapani, ambao tiba yao ya asili ilitoka China, walikuwa na mchanganyiko ulioaminiwa sana kwa kazi hiyo. Waliujaribu kwa wagonjwa wa utumbo wa hatua ya tatu, na utafiti, uliochapishwa mwaka 2015, ulisimamishwa njiani kwa sababu waliopewa mitishamba ndio waliokuwa wakipata ganzi zaidi. Kila mtu aliyehusika alikuwa na nia njema, na dawa ilikuwa halisi.

Sasa hesabu ya kuacha kabisa. Watafiti wa Yale waliwafuatilia wagonjwa wa Marekani ambao saratani zao zilikuwa hazijasambaa, wakawalinganisha waliochagua tiba mbadala peke yake na waliopata tiba ya hospitali. Taarifa yao ya mwaka 2018 inasema kwamba kwa saratani ya utumbo mpana hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala pekee ilikuwa zaidi ya mara nne na nusu. Na ile miezi mitatu ya "kupumzisha mwili" nayo ina bei: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba kila wiki nne za kuchelewa kuanza kemo baada ya upasuaji wa utumbo ziliongeza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 14. Mama ameshaanza, kwa hiyo si sawasawa na kuchelewa kuanza, lakini sioni jinsi miezi mitatu katikati inavyoweza kuwa kitu kidogo. Wenye umri wangu wanakumbuka Loliondo mwaka 2011, kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na watu waliorudi wakazitupa dawa zao za kisukari. Kikombe chenyewe sijui kama kilimuua mtu. Kutupa dawa nina hakika kuliwaumiza wengi.

Kuhusu usemi kwamba mitishamba haina madhara kwa kuwa ni ya asili, nitasema kisa kimoja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki ya kupunguza unene huko Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Majina mawili yanayofanana yalichanganywa, mzizi mmoja ukaingia mahali pa mwingine, na takriban wanawake mia moja waliharibikiwa figo. Miaka kadhaa baadaye baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo kutokana na mzizi ule ule. Hata mzizi mtamu wanaouweka karibu kila mchanganyiko, ule unaoitwa gancao, ukinywewa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu, na mama aliyetapika siku nne potasiamu yake huenda tayari iko chini.

Hilo linanirudisha kwenye kutapika, kwa sababu nadhani ndiko tatizo lenu la kweli liliko. Mama asingetapika, kliniki ile msingekwenda. Kutapika siku nne si jambo la kuvumilia mpaka mzunguko ujao. Rudini hospitali mseme siku nne, mtaje na idadi ya mara, kwa maana mgonjwa akiulizwa "unaendeleaje" hujibu "namshukuru Mungu" na daktari anaandika kwamba anaendelea vizuri. Ziko dawa za kuongeza na kubadilisha, baadhi ni vidonge vya bei nafuu, na mara nyingi mtu aliyetapika vibaya mzunguko wa kwanza hupangiwa tofauti mzunguko wa pili. Baba alibadilishiwa na tofauti ilikuwa ya usiku na mchana.

Na hapo ndipo Wachina walipotusaidia kweli. Baada ya mkasa, daktari mwenyewe alisema kwamba sindano hana ugomvi nazo, mradi damu imeangaliwa kwanza, maana chembe nyeupe au chembe za kugandisha damu zikiwa chini hata tundu dogo si jambo la kupuuza. Ushahidi wa sindano kwa kichefuchefu cha kemo ni wa muda mrefu. Jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwaka 1997 lililikubali hilo. Sehemu inayochomwa iko ndani ya mkono, vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili. Kwa kuwa baba alirudishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, mganga mwingine alitufundisha kuibonyeza kwa kidole gumba bila kuchoma. Namkumbuka mzee amekaa barazani saa kumi jioni, amejibonyeza mkono kama mtu anayejipima mapigo, ananiambia ile mizizi tuliitafutia mbali, kumbe dawa yake ilikuwa hii ya kambini. Chai ya tangawizi nyepesi, isiyo ya moto sana wala ya baridi, ilisaidia pia, baada ya kuuliza. Uji wa ulezi kidogokidogo mara sita kwa siku ulikaa tumboni kuliko sahani moja ya wali.

Baba alimaliza mizunguko sita kati ya minane. Ganzi ndiyo iliyozuia miwili ya mwisho. Alikaa vizuri miaka miwili na kitu, ugonjwa ukarudi kwenye ini, akafariki mwaka 2023. Siku zile 16 za kuchelewa kama zilichangia, hakuna anayeweza kuniambia, na nimeuliza.

Kuhusu mama mdogo: usigombane naye, mpe kazi. Siku ya kwenda hospitali abebe yeye mwenyewe mifuko ile ya mitishamba, ikiwa bado na lebo zake, pamoja na karatasi ya majina yaliyoandikwa kwa Kichina, kwa sababu jina la Kiswahili la "dawa ya kusafisha utumbo" halimsaidii mfamasia. Kliniki ya Kichina ikikataa kuandika majina, hapo huna haja ya kuendelea nayo. Ikikubali, uliza pia usajili wake kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2002 na linawahusu hao pia. Sisi tulimwogopa daktari bure. Aliposikia habari yote alinyamaza kidogo, akauliza kila mfuko ulichemshwa kwa vikombe vingapi, akayaandika majina yote kumi na moja kwenye faili, na kuanzia siku ile kila tulipoingia swali lake la kwanza kwa baba lilikuwa, "Mzee, Wachina hawajambo?"

Hukuandika kama mama ana presha au anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Likiwepo mojawapo, usisubiri siku ya hospitali. Mifuko, kama ameshaanza kuinywa, isimame leo.